Maharage ya mkaa, maharage ya gesi: shajara ya jaribio la nyumbani

Agosti 2

Dai ni la Shangazi, ingawa hana hatimiliki nalo: maharage ya gesi hayana ladha. Utalisikia hapa Morogoro, utalisikia Dar, na utalisikia hata kwa watu ambao mtungi umesimama jikoni kwao na regyuleta mpya juu yake. Gesi ni ya chai na mayai. Maharage, makande na nyama ngumu hutoka uani, kwenye mkaa.

Serikali ina Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa 2024, unaotaka asilimia 80 ya Watanzania wapike kwa nishati safi ifikapo 2034. Mijadala yake karibu yote ninayoifuata ni bei, bei, bei. Bei ni kweli, wala sibishi. Ila ladha nayo hutajwa kila mara kama sababu, kisha inaachwa hapo hapo, kana kwamba ladha haipimiki. Mimi nafundisha sayansi sekondari. Nyumbani nina jiko la gesi, jiko la mkaa na Shangazi, kwa hiyo maabara imekamilika.

Timu: mimi, wifi yangu ambaye ndiye mpishi, na mwanawe wa kidato cha tatu, atakayeshika daftari. Shangazi ni mlalamikaji, na pia atakuwa mmoja wa waonjaji.

Kazi ya leo ilikuwa kulibana dai mpaka liweze kuvunjika. "Hayana ladha" haliwezi kuvunjika, maana kila bakuli lina ladha fulani. Nikamkalisha Shangazi, nikamwuliza hasa anamaanisha nini. Yakatoka madai matatu yaliyokuwa yamefungwa katika furushi moja. Kwanza, akionja bila kuona jiko atajua yapi ni yapi. Pili, ya mkaa ni matamu zaidi. Tatu, sababu ni moshi.

Hayana uzito sawa. La kwanza ndilo linalobeba mengine: asiyeweza kutofautisha vitu viwili kwa ulimi hawezi kusema ulimi wake unapenda kimoja kuliko kingine. Kwa hiyo tunaanza na la kwanza tu. Hata tukilithibitisha, la tatu litakuwa bado halijaguswa. Kama moshi huingia kwenye mchuzi, mwonjaji atatofautisha. Haina maana kwamba akitofautisha basi ni moshi. Huenda ni chungu, huenda ni muda, huenda ni chumvi. Wanafunzi wangu huteleza hapa kila mwaka, na watu wazima nao huteleza, ila wao huteleza kwa sauti kubwa zaidi.

Nilimpa kijana wetu zoezi ambalo mwanasaikolojia Mwingereza Peter Wason alilibuni miaka ya 1960, nikalivalisha nguo za jikoni. Kadi nne ziko mezani. Kila kadi ina jina la jiko upande mmoja na hukumu ya mlaji upande wa pili. Zinazoonekana ni MKAA, GESI, TAMU, SI TAMU. Dai: kila ya mkaa ni tamu. Ni kadi zipi lazima uzigeuze ili ujue kama dai ni kweli? Akageuza MKAA na TAMU, kama wanavyofanya wengi. Jibu ni MKAA na SI TAMU. Kadi ya TAMU ikigeuka na kukuta gesi nyuma yake haimdhuru Shangazi, kwa sababu hakusema gesi haiwezi kutoa kitamu hata siku moja. Ya SI TAMU ikikutwa na mkaa nyuma, ndiyo inayomwangusha. Kijana alikaa nayo mpaka usiku, kisha akaja na swali zuri: "Kwa hiyo tunatafuta chakula kinachoweza kumkosoa Bibi, si kinachomuunga mkono?" Ndiyo. Asimwambie hivyo tu.

Agosti 5

Leo nimekaa na wifi jikoni na uani, nikiandika jinsi anavyopika maharage kwa kawaida, bila kumwelekeza. Orodha imenishangaza.

Kwenye mkaa: chungu, moto ukishakolea anaufunika kwa majivu kidogo, anaacha, anakwenda kufua, anarudi kuongeza maji ya moto, anaacha tena. Kwenye gesi: sufuria nyepesi, moto mkubwa mwanzo hadi mwisho, kusimama karibu, kwa sababu kila dakika anaona mtungi unapungua. Chumvi ya mkaa inaingia mwishoni. Ya gesi inaingia "nikikumbuka".

Basi Shangazi anaposema mkaa na gesi, kwa kweli analinganisha chungu na sufuria, moto mdogo na moto mkubwa, saa nyingi na saa chache, utulivu na haraka. Jiko ni kitu kimoja tu katika fungu hilo. Ukiona tofauti huwezi kujua umpe nani sifa.

Na fizikia inasema jambo ambalo jikoni halisemwi: maadamu kuna maji ndani ya sufuria isiyo ya presha, chakula hakipati joto kupita la maji yanayochemka. Morogoro mjini tuko kama mita 500 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo ni nyuzi 98 hivi, iwe chini kuna mkaa, gesi au umeme. Moto mkubwa haufanyi maharage yawe na joto zaidi. Unafanya maji yakauke upesi zaidi na maharage yagongane mpaka maganda yapasuke. Hilo linaweza kabisa kubadili mchuzi. Lakini ni jambo la ukubwa wa moto, na gesi nayo ina kitufe cha kupunguza.

Dhana ya moshi nayo ina tatizo lake. Harufu ile ya moshi tunayoipenda hutoka hasa kwenye kuni, pale lignini ya mti inapovunjika kwa joto na kutoa kemikali za kunukia. Mkaa umeshachomwa mara moja tanurini, na sehemu kubwa ya vitu hivyo ilibaki porini. Mkaa uliokolea vizuri hautoi moshi wa kuonekana. Unatoa kaboni monoksidi, ambayo haina harufu na huua watu waliolala na jiko ndani, lakini hiyo si kiungo. Kwa upande wa pili, Shangazi anasema gesi "inanukia kwenye chakula". Propani na butani zenyewe hazina harufu. Harufu tunayoijua hutiwa makusudi ili tugundue mtungi ukivuja, na gesi ikiungua vizuri harufu hiyo huungua nayo.

Haya yote ni hoja, si ushahidi. Hoja nzuri inaweza kukosea kama kuna jambo hatukulifikiria. Ndiyo maana tunapika.

Uamuzi: tutafanya majaribio mawili, tusiyachanganye. La kwanza linauliza kuhusu moto peke yake: sufuria za aina moja, mfuniko uleule, moto wa kiasi pande zote. La pili litauliza kuhusu mapishi kama yanavyoishi: chungu cha taratibu cha uani dhidi ya sufuria ya haraka ya ndani. Shangazi aliposikia la kwanza alisema, "Mnanivua silaha kabla ya vita." Ana haki nusu. Dai lake la kila siku linafanana zaidi na jaribio la pili. Lakini neno alilotamka ni gesi, hakutamka sufuria.

Agosti 9

Jana ilikuwa Nane Nane, nusu ya mtaa ilikuwa viwanjani. Leo nimewapata majirani wachache kwa zoezi dogo la majaribio ya majaribio.

Bakuli mbili kwa kila mtu. Niliwaambia wazi: huenda zimetoka majiko mawili, huenda jiko moja, nionjee, niambie unachoona. Nisichowaambia mpaka walipomaliza ni kwamba zote mbili zilitoka sufuria moja, ya gesi.

Karibu kila mtu alikuta tofauti. Mama ntilie wa kona, ambaye anapika maharage mengi kwa wiki kuliko mimi kwa mwaka, alisema bakuli la kulia "limetulia". Mwingine alisikia moshi kabisa. Shangazi alinyoosha kidole bila kusita: "Hili la mkaa." Ni dereva wa bodaboda peke yake aliyesema haoni kitu, akaomba aongezewe.

Sikufanya hivi kumcheka mtu. Ukimwuliza mtu swali lenye majibu mawili, akili yake itafanya kazi ya kutafuta tofauti, na itaipata: kijiko cha kwanza kina njaa, cha pili hakina, bakuli moja limepoa kidogo, moja lina maganda zaidi. Hivyo basi "naona tofauti" haifai kuwa kipimo chetu. Tunahitaji kipimo ambacho mtu anaweza kukikosa, na ambacho tunajua mbahatishaji angekipata mara ngapi.

Wajuzi wa upimaji wa vyakula wana njia hiyo: vikombe vitatu, viwili vya aina moja na kimoja cha nyingine, na kazi yako ni kusema kipi ni mgeni. Huulizwi kipi kitamu wala kipi cha mkaa. Anayebahatisha atapatia mara moja katika tatu. Tumeichukua hiyo.

Agosti 12

Siku nzima ya kuziba mianya. Nadhani hapa ndipo ilipo kazi yenyewe. Kupika na kuonja ni sherehe tu. Mtu ana njia nyingi za kujua jambo, na sisi tunataka abaki na ulimi na pua peke yake.

Macho. Mchuzi wa sufuria moja unaweza kuwa mweusi kuliko wa nyingine. Maabara za kuonja huficha rangi kwa taa nyekundu. Jirani anayefuga kuku ametuazima balbu yake nyekundu ya vifaranga. Inatoa joto kali, chumba kitakuwa tanuri, lakini chini yake mchuzi wote ni rangi moja.

Joto. Jiko moja litamaliza kabla ya lingine. Sampuli zote zitawekwa kwenye visufuria vidogo ndani ya karai moja la maji ya moto, na kutoka humo kwenda vikombeni kwa wakati mmoja.

Chumvi na uzito wa mchuzi. Hapa tuliumiza kichwa. Kila sufuria inapata gramu 500 za maharage ya njano kutoka gunia moja, yaliyochambuliwa na kuchanganywa kabla ya kugawanywa, kuloweshwa usiku kucha, na maji ya kulowekea kumwagwa. Chumvi gramu 10, mwishoni, kwa mizani ya jikoni. Yakiiva sufuria inapimwa na kuongezwa maji ya moto mpaka uzito uliokubaliwa. Hakuna kitunguu, hakuna nazi. Shangazi: "Maharage bila nazi ni adhabu." Kweli, lakini nazi ingefunika hiyo tofauti anayoitetea.

Kuiva. Nani anasema yameiva? Wifi anajua jiko, na mkono wake una mazoea. Tumempa kazi kijana: analetewa maharage kumi kwenye kisosi bila kuambiwa yanatoka wapi, anayabonyeza kwa uma. Yote yakipondeka, sufuria inashuka.

Uso wa anayehudumia. Mwanzoni mwa karne iliyopita kulikuwa na farasi huko Berlin, Hans, aliyesifika kwa kujibu hesabu kwa kugonga kwato. Mwenyewe, Wilhelm von Osten, hakuwa tapeli, aliamini kabisa. Mwaka 1907 Oskar Pfungst alieleza kilichokuwa kikitokea: muulizaji akijua jibu, Hans alipatia, muulizaji asipolijua, Hans alikwama. Farasi alikuwa akisoma vitikisiko vidogo vya kichwa na mwili wa watu, ambavyo watu wenyewe hawakujua wanavitoa. Wifi ana nyusi zinazosema kuliko mdomo. Hatakuwemo chumbani, wala mimi. Atakayehudumia ni binti wa jirani, ambaye hatakuwepo wakati wa kupika, na vikombe vitakuwa na namba za tarakimu tatu zisizo na maana yoyote. Hatutumii A na B, kwa kuwa A tayari ina harufu ya ushindi. Ufunguo wa namba unao kijana, naye atakuwa uani.

Mpangilio. Vikombe vitatu vina mipangilio sita: mkaa-mkaa-gesi, mkaa-gesi-mkaa, na kadhalika. Waonjaji 12, kwa hiyo kila mpangilio unatumika mara mbili, na nani apate upi kunaamuliwa kwa vikaratasi kutoka kwenye kofia. Kijana alipendekeza dadu ya ludo, ambayo nayo ni bahati halali, lakini dadu inaweza kutupa mpangilio mmoja mara tano na mwingine isiutupe kabisa. Vikaratasi vinatupa bahati na uwiano pamoja.

Sufuria zenyewe ni pacha, lakini pacha nao hutofautiana. Ipi iende jiko lipi, tunarusha sarafu kila mara.

Agosti 16

Leo hesabu, na mwanya mmoja ambao ungetuharibia kila kitu.

Kama hakuna anayeweza kutofautisha, waonjaji 12 watapatia wanne hivi kwa bahati tu. Wakipatia saba je? Uwezekano wa bahati kutoa saba au zaidi ni asilimia 6.6. Nane au zaidi, asilimia 1.9. Tumeweka mstari kwenye nane. Mstari huu umeandikwa kwenye karatasi na kubandikwa mlangoni mwa friji, na wote tumetia sahihi, Shangazi kwa kalamu nyekundu. Kuuweka sasa ni muhimu kuliko kuuweka wapi hasa. Ukisubiri matokeo ndipo uchague mstari, utauchora pale unapokufaa, na utaapa kwamba ulikuwa hapo siku zote.

Kwenye karatasi hiyo hiyo tumeandika visingizio vilivyopigwa marufuku. Shangazi hataruhusiwa kusema baadaye kwamba mkaa ulikuwa mbaya. Kama ana sharti kuhusu mkaa, aliseme leo. Amelisema: usiwe wa mwembe, uwe mzito, na uwashwe bila mafuta ya taa. Sawa. Na mimi sitaruhusiwa kusema waonjaji walikuwa na mafua.

Sasa ule mwanya. Mpango wetu wa awali ulikuwa sufuria moja ya mkaa, sufuria moja ya gesi, waonjaji 12. Inaonekana kama vipimo 12. Tazama vizuri: ulimi ni 12, lakini mkaa umepikwa mara moja tu. Tuseme sufuria ya mkaa ilipata konzi yenye maharage mawili matatu yaliyooza. Waonjaji wote 12 wataonja tofauti, watapatia, tutashangilia, na tutakuwa tumegundua kwamba sufuria hii si sufuria ile. Kuhusu mkaa kwa jumla hatutakuwa tumejifunza chochote. Kuongeza waonjaji hakuponyi; hata mia moja wangeonja kasoro ileile. Mwanaikolojia Stuart Hurlbert aliandika juu ya kosa hili mwaka 1984, akionyesha lilivyojaa kwenye tafiti za wasomi wenzake, kwa hiyo si aibu ya jikoni tu.

Dawa ni kupika zaidi. Tutakuwa na jozi tatu za sufuria, kila jozi ikiwa na moto wake mpya, na waonjaji wanne kwa kila jozi. Tatu ni chache. Wifi alipoiona hesabu ya mkaa aliniambia kwa upole kwamba sayansi ina njaa.

Agosti 23

Tumeonja. Majirani, mama ntilie, dereva wa bodaboda, mwalimu mwenzangu mmoja, Shangazi. Kila mtu kwa zamu, peke yake chumbani chini ya balbu ya vifaranga, jasho likitoka, maji ya kusukutua na kipande cha mkate mkavu kati ya kikombe na kikombe. Mwenye vidonda vya tumbo alijitoa mapema, tukapata mwingine. Aliyeonja hakurudi foleni kusimulia. Alipelekwa moja kwa moja uani kula wali.

Jozi ya kwanza, mmoja kati ya wanne alipatia. Ya pili, watatu. Ya tatu, mmoja. Jumla watano kati ya 12.

Nane hatukufika.

Shangazi alikuwa mmoja wa waliopatia.

Agosti 24

Asubuhi nzima ni ubishi, na sehemu kubwa yake ni ubishi mzuri.

Mimi nilitaka kuandika "hakuna tofauti" na kufunga daftari. Kijana akanizuia, na mwanafunzi akimzuia mwalimu inabidi kufurahi hata kama meno yamekazwa. Swali lake: kama baadhi ya watu wanaweza kweli kutofautisha, jaribio letu lingewaona?

Tukapiga hesabu. Chukua kwamba nusu ya watu wana ulimi wa kutambua, na nusu wanabahatisha. Hapo kila mwonjaji ana uwezekano wa theluthi mbili wa kupatia, na uwezekano wa sisi kufika nane ni asilimia 63. Yaani hata kama dai la nusu ni kweli, karibu mara nne katika kumi tungelikosa. Wavu wetu una matundu makubwa. Lakini tukiwa na dunia hiyo hiyo ya nusu kwa nusu, kupata watano au pungufu, kama tulivyopata, kungetokea kwa asilimia 6.6 tu. Kwa hiyo dai kwamba nusu ya mtaa inajua limeumia, ingawa halijafa. Dai kwamba robo ya mtaa inajua halijaguswa hata kidogo: katika dunia hiyo watano au pungufu hutokea karibu mara 39 katika 100.

Na Shangazi hakuwahi kusema robo. Alisema "mtu yeyote mwenye ulimi". Hilo ndilo lililopigwa.

Kisha ikaja jozi ya pili, watatu kati ya wanne. Mwalimu mwenzangu alikuwa ameshaanza kuieleza: siku hiyo kulikuwa na upepo uani, moshi ulirudi, mfuniko ulikaa vibaya. Maelezo matamu. Tatizo ni kwamba tuna jozi tatu, na kati ya tatu lazima moja iongoze. Kwa bahati tupu, jozi moja maalumu hutoa watatu au zaidi mara moja katika tisa. Lakini kwamba mojawapo ya tatu itafanya hivyo ni karibu asilimia 30. Kitu kinachotokea mara tatu katika kumi hakihitaji upepo. Kama upepo ni dhana yenye maana, unaandikiwa jaribio lake, na maharage mapya. Matokeo yaliyozaa dhana hayawezi tena kuwa shahidi wake.

Maoni yangu, kwa kiasi yanavyofika: sidhani ladha ndiyo inayowazuia watu kupika maharage kwenye gesi. Maharage yanakula muda, muda unakula mtungi, na mtungi unajazwa kwa fedha nyingi kwa mkupuo wakati mkaa unanunuliwa kwa kopo. Kusema "hayana ladha" ni heshima zaidi kuliko kusema "sina ya kujaza mtungi". Lakini hilo ni dai la nne, hatujalipima, na nalirudisha daftarini kwa penseli.

Agosti 30

Shangazi hajaridhika. Anasema wale wanne wengine waliopatia walibahatisha, yeye hakubahatisha. Inawezekana kabisa. Kikombe kimoja alichopatia hakitusaidii kujua, kwa sababu mtu aliyefumba macho na kuziba pua angekipatia mara moja katika tatu. Anataka apimwe peke yake.

Hii ina historia. Katika kituo cha utafiti wa kilimo cha Rothamsted, Uingereza, miaka ya 1920, mtaalamu wa miani Muriel Bristol alisema anajua kwa kuonja kama maziwa yalitiwa kikombeni kabla ya chai au baada yake. Mwanatakwimu Ronald Fisher alilichukua dai hilo kwa uzito, na mwaka 1935 akalitumia kufundisha jinsi ya kupanga jaribio: vikombe vinane, vinne vya kila namna, kwa mpangilio wa bahati, na mwonjaji anaambiwa kwamba ni vinne kwa vinne. Kuna njia 70 za kuchagua vikombe vinne kati ya vinane, na moja tu ndiyo sahihi yote. Mbahatishaji ana nafasi moja katika 70.

Nikampa Shangazi vikombe vinane. Akauliza swali ambalo sikulitarajia kutoka kwake: akikosea kimoja je? Tukahesabu pamoja. Kupata vitatu au zaidi kati ya vinne, kwa bahati tu, ni njia 17 katika 70, karibu robo. Kwa hiyo kwenye vikombe vinane hakuna msamaha. Kosa moja linamfuta. "Hata mimi naweza kupaliwa," akasema. Ni pingamizi halali, na amelitoa kabla, si baada. Tukaenda vikombe 12, sita kwa sita. Hapo njia ni 924. Kuwa sahihi yote ni njia moja. Kubadilishana kikombe kimoja kwa kimoja ni njia 36 zaidi. Jumla 37 katika 924, asilimia 4. Amechagua hizo 12, na anaruhusiwa kuteleza mara moja.

Masharti yake yameandikwa: mkaa anakwenda kuuchagua mwenyewe, na anapumzika kati ya kila vikombe vitatu. Letu ni moja: sufuria tatu kwa kila jiko, vikombe viwili kutoka kila sufuria, ili asije akajifunza sufuria badala ya moto. Amelielewa haraka kuliko wanafunzi wangu. Balbu ya vifaranga imerudi kwa mwenyewe, kuku wametotoa, kwa hiyo tunasubiri mpaka wafike umri wa kuizima. Wifi ameshalipwa mkaa wa mara iliyopita. Jaribio la pili, la chungu cha uani dhidi ya sufuria ya haraka, litafuata baada ya hilo, na Shangazi amesema huko ndiko tutakakokutana.